Taa wa Kilindini Ni Samaki Gani?

Ukifika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, utamwona taa: mwili bapa kama ungo, mkia mwembamba kama mjeledi, na mwiba wa sumu ambao wavuvi wanauheshimu. Huyo ni taa wa maji ya karibu, naye huzaa watoto hai.

Taa wa kilindini, yaani wa kina kirefu cha bahari, ni ndugu yake, lakini maisha yao ni mbalimbali. Mkia wake ni mnene, hauna mwiba wa sumu. Badala yake ana miiba midogo migumu mgongoni na mkiani. Mifupa hana, ana gegedu, kama papa. Hulala juu ya tope, akavuta maji kwa matundu yaliyo nyuma ya macho, maana kinywa kiko chini. Chakula chake ni kaa, kamba, ngisi na samaki wadogo, na kwenye giza lile huwatambua kwa kuhisi umeme hafifu unaotoka miilini mwao.

Kubwa zaidi ni kwamba hutaga. Kila yai limo ndani ya kifuko kigumu chenye pembe nne, na mama akishaliweka anaondoka. Mtoto hula kiini, na huchezesha mkia ili maji mapya yapite ndani ya kifuko.

Baridi ya kilindini ndiyo inayochelewesha kila kitu. Yai la taa wa Alaska, Bathyraja parmifera, huchukua miaka 3 na nusu hivi kuanguliwa. Mama wa kibinadamu angekuwa ameshabeba mimba nne!

Kuna taa waliopata njia ya kupunguza kungoja huko. Mwaka 2015, karibu na visiwa vya Galápagos, roboti ya utafiti ilikuta vifuko 157 vya Bathyraja spinosissima kwenye kina cha mita 1,660 hivi. Vingi vilikuwa jirani na matundu ya sakafu ya bahari yanayotoa maji ya moto. Watafiti wanaamini mama huchagua joto hilo ili mayai yakue haraka. Mimi bado nalistaajabia: samaki asiye na kiota, anayetafuta jiko la kuweka mayai yake.

Pwani yetu nayo ina taa wa kina kirefu, Okamejei heemstrai, anayeishi kwenye mita 200 hadi 500, chini sana kuliko zinakofika nyavu za ngalawa.