Kijani cha Ziwa Victoria: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Maji ya kijani yana rutuba, kwa hiyo samaki watazidi.”

Rutuba ipo, na mwani, vimea vidogo vinavyoyapa maji rangi hiyo, ndio mwanzo wa chakula chote ziwani. Kinachoua ni upungufu wa oksijeni. Mchana mwani huitoa. Usiku mwani wenyewe, samaki na bakteria huivuta bila kurudisha, hivyo kiwango huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza. Anayepima saa 8 mchana anaona miligramu 8 kwa lita, anaondoka ameridhika, na asubuhi anakuta sato wanaelea kwenye kizimba cha kufugia samaki. Pima saa 11 alfajiri, juu na chini ya kizimba. Ikiwa oksijeni haifiki miligramu 3 kwa lita, usilishe mpaka ipande.

Na chakula chenyewe kina hesabu yake. Tani 1 yenye fosforasi (kirutubisho kinachokuza mwani) asilimia 1 inaingiza kilo 10 za fosforasi, na kwa kawaida zaidi ya nusu haibaki mwilini mwa samaki; inashuka na kinyesi na mabaki. Mwani hujengwa kwa atomi 106 za kaboni, 16 za naitrojeni na 1 ya fosforasi, kwa hiyo gramu 1 ya fosforasi inatosha mwani wenye gramu 40 hivi za kaboni. Mwani huo ukifa, fosforasi ileile inatumika tena.

“Tukizuia mbolea leo, mwakani maji yatakuwa meupe.”

Kuzuia ni lazima, lakini tope la chini ni ghala lililokwisha kujaa. Penye oksijeni, chuma kilicho kwenye tope huishika fosfati, yaani fosforasi katika umbo ambalo mwani huitumia. Oksijeni ikiisha, chuma huyeyuka na fosfati hurudi majini.

Ziwa Victoria hukaa kwa matabaka, takriban Septemba hadi Mei, na maji ya chini hukosa oksijeni. Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki na ubaridi huyachanganya, na fosfati iliyojikusanya hupanda juu. Naitrojeni huwa na safari tofauti: mahali pasipo oksijeni bakteria hutumia nitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, na kuigeuza gesi inayopotelea hewani. Basi maji yanayopanda yana fosforasi tele na naitrojeni haba. Hapo wanaoshinda ni sainobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mwani) wanaoweza kujichukulia naitrojeni ya hewani, kama Dolichospermum. Tena, maji yanayotoka kila mwaka kwa Mto Nile pale Jinja ni sehemu ndogo tu ya ujazo wa ziwa, kwa hiyo kilichoingia hakiwahi kutoka haraka.

“Yote huletwa na mito.”

Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ziwa hili ni mvua inayonyesha juu yake. Mvua hiyo hushuka na vumbi la mashamba yaliyo wazi na majivu ya nyasi zilizochomwa, na fosforasi yake ni nyingi. Hata anayelima mbali na mto anahusika.

“Viboko wanauchafua Mto Mara, wapunguzwe.”

Mto Mara humwaga maji yake Ziwa Victoria. Upande wa Kenya pekee, viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kwa siku. Maji yakipungua, kinyesi hutuama kwenye vidimbwi vyao, oksijeni inakwisha, na mvua kubwa ikija husukuma maji hayo meusi mkondoni. Samaki hufa ndani ya saa chache. Lakini kinyesi hichohicho hubeba silika, madini yanayofanya kioo, ya nyasi kutoka mbugani, na bila silika mwani aina ya diatomu haujengi ganda lake. Mto unahitaji mzigo huu; usichohitaji ni kunyimwa maji ya kuusambaza. Nyumbu wanaozama huongeza mzigo mwingine, wastani wa 6,250 kwa mwaka: nyama huisha kwa wiki kadhaa, mifupa huachia fosforasi taratibu kwa miaka 7 hivi.

“Magugu maji yakizama, yamekwisha.”

Chomeka kasia kwenye tope chini ya gugu lililooza, utaona mapovu yakipanda. Hayo kwa sehemu kubwa ni methani, kaboni ya gugu ikitoka mahali pasipo oksijeni. Kwa hiyo gugu litolewe likiwa bado bichi na lirundikwe juu ya mstari wa mafuriko. Likiachwa ufukweni, mvua ya kwanza inarudisha virutubisho vyote ziwani. Ni kazi ngumu, kwani zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Liache linyauke siku chache kabla ya kulisafirisha kwenda kwenye mboji.

“Maji ya utando wa kijani yakichemshwa ni salama.”

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuvunji mikrosistini, sumu ya baadhi ya sainobakteria. Kunapasua seli na kuiachia majini. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 kwa lita kuwa kikomo cha maji ya kunywa siku zote. Usichote upande ambako upepo umesukumia utando. Kama kuna kisima au bomba, tumia maji ya huko mpaka utando uondoke, na mifugo nayo isinywe hapo.