"Mguu Hauumi, Basi ni Mzima"

Mama mkubwa anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ana kisukari aina ya pili. Jioni moja alivua kandambili tukakuta damu imeganda: mwiba wa sato ulikuwa umezama unyayoni tangu asubuhi, naye hana habari. "Mbona hauumi?" akasema. "Basi mguu ni mzima."

Dhana hiyo naiogopa kuliko zote. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na ganzi huanzia miguuni. Mishipa ya damu nayo inaziba, kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Kwa hiyo mguu usiouma ndio wa kukaguliwa kila siku: unyayo, kisigino, katikati ya vidole. Mchubuko ukitokea, nenda zahanati mapema, usisubiri usaha. Na kutembea pekupeku ufukweni, tafadhali, acha.

Wapo wanaosema, "Nimepima leo nimepata sita, nimepona," wakaacha vidonge. Sita hiyo ni milimoli kwa lita, si asilimia, na tone la damu ya kidoleni linaeleza saa ile tu. Kipimo cha HbA1c ndicho kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, na wagonjwa wengi hutakiwa wawe chini ya asilimia 7. Hiyo sita huenda ni kazi ya vidonge vyenyewe.

Ugali wa muhogo eti hauna sukari kwa kuwa si mtamu? Muhogo ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni unakuwa sukari. Mama simnyimi ugali. Nampunguzia tonge, namwongezea mboga na samaki.

Halafu kuna sindano. "Fulani alianzishiwa insulini, haukupita muda akapofuka." Mara nyingi insulini ilichelewa, macho yalikuwa yameshaanza kuharibika kimyakimya. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliotoa matokeo mwaka 1998, ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa nguvu zaidi, wengine kwa insulini, walipungukiwa madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, kwa asilimia 25. Ndiyo maana macho na mkojo vipimwe kila mwaka, hata kama unaona vizuri.

Mama siku hizi anavaa raba sokoni. Jioni ananiwekea mguu pajani, nami naumulika kwa tochi ya simu, kidole baada ya kidole.