Banjo haikuzaliwa Appalachia

Upo ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya wapenzi wa muziki wa kantri, na Kenya tuko wengi: eti banjo, ile ala ya nyuzi, ilibuniwa na wazungu wa milima ya Appalachia huko Marekani, na Mwafrika hana chake katika muziki huo.

Si kweli. Banjo ina asili ya Afrika Magharibi. Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi walikuwa wakiiunda kwa kibuyu na ngozi tangu karne ya 17. Hadi leo Wajola wa Senegal na Gambia wanapiga akonting, ala ya nyuzi inayofanana na banjo. Tafuta video yake uangalie kidole gumba: kinadonoa uzi mmoja mfupi, kama ilivyo kwenye banjo ya nyuzi tano. Pia upo mchoro wa South Carolina, wa mwishoni mwa karne ya 18, unaomwonyesha mtumwa akipiga banjo ya kibuyu. Fidla, ala nyingine ya kantri, ndiyo iliyotoka Ulaya.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Miaka ya 1920 kampuni za santuri za Marekani ziligawa muziki kwa rangi ya ngozi: orodha moja ya weusi, nyingine ya wazungu wa mashambani. Familia moja ya waimbaji iliyorekodiwa Bristol, Tennessee, mwaka 1927 ikawa sura ya kantri. Mpiga gitaa mweusi aliyezunguka vijijini na kiongozi wa familia hiyo kukusanya nyimbo hakusikika kwenye santuri za familia hiyo.

Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze. Aliyekutumia mrudishie video ya akonting.