Ukiitwa jina dirishani usijibu tu "naam": kuhusu wajina hospitalini

Jumatatu moja sista alitoka mlangoni akaita "Juma Hamisi!" wakasimama wazee wawili na kijana mmoja kwa mpigo, watu kwenye mabenchi wakacheka, na mimi nikacheka ila moyoni nikasema hapa leo Mungu katusaidia wamesimama wote, maana angesimama mmoja tu na wenzake wako chooni au wameenda kununua maji, huyo mmoja angeingia kwa daktari na faili lisilo lake na hakuna ambaye angeshtuka.

Mimi ni afisa kumbukumbu za afya kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, kile kitengo mnachokiita "pale kwenye mafaili", na leo zamu yangu ya elimu kwa umma nataka tuongee kuhusu wajina, yani watu wawili au kumi wenye jina moja. Mtaani wajina ni raha. Ukikutana na mwenye jina lako mnaitana "wajina" mpaka mnazeeka, na wengine wanaita somo. Kwetu kwenye mafaili wajina ni kazi nzito.

Kwanza muelewe hayo majina yanavyojirudia, maana watu wanadhani ni bahati mbaya kumbe ni mpango kabisa. Watoto tunawapa majina ya siku, aliyezaliwa Ijumaa ni Juma au Mwajuma, Alhamisi ni Hamisi, halafu kuna Jumanne, kuna majina ya miezi kina Rajabu, Shabani na Ramadhani. Siku za wiki ni saba tu jamani na watu ni mamilioni. Usukumani na Unyamwezini mapacha ni Kulwa na Doto, kwa Waislamu wengi mapacha wa kiume ni Hassan na Hussein, kwahiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na kina Doto kibao. Kilimanjaro ndo usiseme, koo ni zile zile kina Mushi, Massawe, Kimaro, Lyimo, ukisimama Moshi mjini ukaita "Neema Mushi" jiandae kuitikiwa kutoka pande zote.

Halafu kuna jina la babu, na hapa ndo mzizi wenyewe ulipo. Chukua mzee Juma ana watoto wa kiume wanne, kila mmoja akipata mtoto wa kwanza wa kiume anampa jina la baba yake, tayari una Juma wanne wa familia moja, nyumba za jirani, umri unakaribiana, na kwenye majina matatu wote wanaanza na Juma na wanaishia na Juma, kinachowatofautisha ni jina la katikati tu, ambalo ndo hilo hilo karani akiwa na foleni ndefu anaandika herufi moja na nukta. Baba mmoja anaitwa Hamisi mwingine Hassan, wote wawili ni "Juma H. Juma". Umeona?

Na bado jina la nyumbani. Sehemu nyingi mkwe hatamki jina la baba mkwe wake, kwahiyo mama anamwita mtoto "babu" au "baba" toka azaliwe, na bibi anamwita "mume wangu" kwa utani, siku mtoto anaumwa usiku jirani ndo anamkimbiza hospitali, ukimuuliza anaitwa nani anasema "Babuu". Faili linafunguliwa la Babuu. Kesho baba anakuja na kadi ya kliniki yenye jina kamili, linafunguliwa la pili. Sasa hapo mtoto mmoja kawa watu wawili, hilo nalo ni tatizo lile lile ila limegeuzwa, sawa na Hamisi anayeandikwa leo Khamis kesho Hamis, au Mohamed ambaye nimewahi kuona kaandikwa namna nne kwa mtu yule yule mmoja.

Msidhani ni shida yetu peke yetu. Korea Kusini karibu nusu ya watu ni Kim, Lee au Park. Sweden walijaa kina Andersson na Johansson, na toka 1947 wanampa kila mtu namba yake. Sisi Tanzania NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wametupa namba ya tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na mtakumbuka pilika za kusajili laini kwa alama za vidole mpaka ile Januari 2020, sababu mojawapo ni hii hii, jina peke yake halimtambulishi mtu.

Sasa hospitalini likichanganyika inakuwaje? Mengi ni usumbufu tu, umekaa masaa matatu kumbe majibu yako kapewa mwingine, unarudishwa maabara kuchomwa tena. Mengine sio usumbufu. Mtu wa damu kundi A akiwekewa damu ya B mwili wake unaanza kuzishambulia zile chembe palepale, homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo, figo zinaweza kufeli na mtu anaweza kufa, na haihitaji chupa nzima, kiasi kidogo tu kinatosha kuanzisha balaa. Ndo maana kabla ya kuongezewa damu wahudumu wawili wanasimama kitandani wanasoma jina, namba na kundi, wanalinganisha na chupa, wanakuuliza tena, na wewe umechoka unaona kama wanakusumbua. Waache wakusumbue.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2007 kwamba mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili angalau, mfano jina na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya chumba isihesabiwe kuwa kitambulisho, maana wagonjwa wanahamishwa vitanda. Ni mwongozo mzuri ila kwetu una mtego. Wazee wetu wengi hawajui tarehe walizozaliwa, wanajua tu "mwaka ule wa njaa", basi karani anaandika tarehe 1 Januari, mwingine tarehe 1 Julai, ukija kwenye kompyuta unakuta kundi zima la wazee wamezaliwa siku moja kama vile walikubaliana. Mapacha nao, Hassan na Hussein, tarehe moja, baba mmoja, namba ya simu moja ya mama, na kwenye karatasi iliyoloana hayo majina mawili yanatofautiana herufi chache tu. Kwahiyo mimi kwangu cha kwanza ni namba ya faili, jina linafuata. Na namba hiyo ndo iko kwenye kile kikadi kidogo mnachokiacha nyumbani.

Ila nimesema tangu juu, kosa kubwa linaanzia kwenye kuitika. Mhudumu akikuuliza "wewe ndo Mwajuma?" utasema naam. Hata hujasikia vizuri utasema naam, kwasababu foleni ni ndefu, unaogopa kupitwa, na kwetu mkubwa au mtu wa ofisini akikuita hubishi. Wazee wenye masikio mazito ndo kabisa, wanaitikia chochote. Swali sahihi ni "mama, unaitwa nani, majina yote matatu?" halafu mhudumu ananyamaza anasubiri. Hilo ni jukumu letu sisi na nakiri hatulifanyi kila siku, mchana tukiwa tumezidiwa tunakata kona. Lakini na wewe unaweza kutusaidia, ukiitwa usiseme naam peke yake, sema "mimi ni Mwajuma fulani fulani, nimezaliwa mwaka fulani", yataje mwenyewe. Na kwenye maabara kabla hujaondoka kiangalie kile kichupa, jina liwe limeshaandikwa mbele yako, sio "nenda tu mama nitaandika".

Kuna jambo lingine ambalo watu wananichukia nikilisema. Kadi ya bima. Dada mtu kapewa na kazi yake, mdogo wake hana, wanafanana, anakuja nayo anajiita jina la dada. Naelewa shida ya hela, sio kwamba sielewi. Ila kuna faili sasa ambalo ndani yake wanaishi watu wawili, mmoja ana aleji na penisilini mwingine hana, mmoja kundi O mwingine B, na siku dada mwenyewe analetwa hajitambui, daktari anafungua lile faili na kuliamini. Hapo huyo wajina mmemtengeneza wenyewe.

Kichanga kinapozaliwa huwa tunakiandika "mtoto wa" na jina la mama, kwasababu jina bado. Wodi ya wazazi ikiwa na kina Asha watatu siku moja mnaweza kufikiria mambo yanavyokuwa. Kile kibandiko cha mkononi au mguuni mwa mtoto msikitoe kwa vile kinamkera au kimechafuka, kikichomoka mwambie nesi hapo hapo. Na mkishampa jina mlete tubadilishe kwenye faili, maana tuna watoto wanasoma chekechea ila kwetu bado ni "mtoto wa Asha".

Ukikuta karatasi ya mtu kwenye faili lako usiitupe, usiikate kwa kalamu, na usiipige picha ukairusha kwenye grupu ukiuliza "nani anamjua huyu", hiyo ni siri ya mtu. Irudishe dirishani, tuna namna ya kuihamisha na kuandika nani kaihamisha na lini. Ukitumiwa meseji ya majibu usiyoyategemea, rudi na kikadi chako tulinganishe namba kwanza kabla hujalia.

Wale kina Juma Hamisi watatu tuliwabandikia stika kwenye majalada yao, nyekundu, kijani na njano, kumwambia anayefungua kwamba huyu ana wajina wake humu. Wale wazee wawili wamekuwa marafiki sasa, kliniki ya presha wanakuja pamoja, na wakifika dirishani wala hawataji jina. Mmoja anasema "mimi wa kijani", mwenzake anadakia "na mimi nyekundu, usinipe vidonge vya huyu". Bado nawauliza majina yote matatu na namba, wananiona mkorofi.