Onesimo hakurudi peke yake: kumpokea ndugu anayetoka gerezani

Lango la Gereza Kuu la Isanga watu wengi wa Dodoma tunalijua kwa nje tu. Kinachompata mtu saa chache baada ya kulipita akiwa huru, hapo ni wachache wanaojua. Katika huduma ya magereza nimesindikiza wengi hadi makwao, na mmoja hanitoki moyoni. Alikuwa amekaa ndani miaka 11. Tulipofika kwa dada yake, kijiji kimoja cha Bahi, mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Akasimama mbele yake, mikono nyuma, akingoja. Dada yake akaita kutoka ndani, "Pita kaka, karibu." Hakusogea. Mpaka mtoto alipokuja kuuvuta mlango ndipo akaingia. Miaka yote ile hakuwahi kufungua mlango kwa mkono wake. Kila mlango ulifunguliwa na askari.

Mtu huyo ndiye tunayetaka Jumapili inayofuata asimame madhabahuni atoe ushuhuda. Nawaomba wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya: msifanye hivyo. Ushuhuda wa wiki ya kwanza huwafurahisha wasikilizaji, lakini yeye humfanya awe "yule wa jela" mbele ya kanisa zima. Mwacheni aimbe na wenzake, akae benchi moja na watu. Habari zake atazisema mwenyewe akitaka, na asipotaka pia ni sawa.

Wengi tukisikia neno kupokea tunafikiria soda, pilau na maombi ya shukrani. Vyote ni vyema, ila vinaisha siku hiyohiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela tangu 2015, zinataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu anapoanza kifungo. Kanisa lina mfano wa zamani zaidi. Somo la Mathayo 25, "nilikuwa kifungoni, mkanijia," tunalijua kwa moyo, na ndilo linalotupeleka gerezani na sabuni na biblia. Kwa habari ya kurudi nyumbani, mimi husoma Waraka kwa Filemoni.

Onesimo, mtumwa wa Filemoni, hakuwa mfungwa. Mfungwa alikuwa Paulo. Lakini Onesimo alikuwa anarudi kwa bwana wake, mtu aliyeachana naye vibaya. Paulo alifanya mambo yanayofanyika hata Chamwino au Mpwapwa. Aliandika barua. Ukisoma Wakolosai 4:7-9 utaona hakumwacha aende peke yake, alifuatana na Tikiko, mjumbe wa Paulo. Na kuhusu deni, aliandika liwekwe juu yake yeye Paulo.

Barua kwetu ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu aliyefungwa kabla ya usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia kilele Januari 2020, anaweza kutoka hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila namba hiyo hasajili laini kwa jina lake, na bila laini hapokei hata pesa ya kibarua kwa simu. Hatua ya kwanza ni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji, wamtambue kuwa ni mkazi. Mwenyekiti aliyeambiwa na wazee wa kanisa miezi miwili kabla humkaribisha ofisini. Asiyeambiwa humwona mgeni anayezurura.

Tikiko wetu ni mtu mmoja au wawili wa jumuiya, wa jinsia yake, wanaokubali kumtembelea kwa miezi mitatu ya kwanza hata kama hakuna la kusema. Waende naye sokoni, kliniki, na anakotakiwa kuripoti pia, kwa maana anayetoka kwa parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, anabaki chini ya masharti hayo mpaka muda wake uishe, na kukosea tarehe ya kuripoti kunaweza kumrudisha ndani. Nyumbani atakuta mengi: mke ameolewa kwingine, shamba limeuzwa na ndugu. Hapo anahitaji msaidizi wa kisheria, wala asiachwe aende kudai kwa hasira.

Deni ndilo gumu kuliko yote. Kumaliza kifungo hakumrudishii ng'ombe aliyeibiwa. Mwenye ng'ombe naye ni muumini, pengine wa jumuiya hiyohiyo, na anamwona mwizi wake akishangiliwa. Anzeni kwake. Wazee waende kwanza kwa aliyekosewa, wamsikilize, wamwulize ni nini kitakachomtuliza. Akisema hataki kumwona, aheshimiwe. Msamaha wa kulazimishwa mbele ya watu ni jeraha la pili. Kosa likiwa ni la kumdhuru mtoto au kumpiga mke, msikalie baraza la usuluhishi. Afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi wahusishwe, na mtu huyo asipewe kazi yoyote ya watoto kanisani, hata kama ameokoka kweli.

Kazi je? Wengi hutoka na useremala, ushonaji au kilimo walichojifunza ndani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima mtu mwenye ujuzi asiyepita chuoni na kumpa cheti. Mpelekeni. Mashamba ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo nayo hutafuta vibarua msimu wa kuvuna.

Lakini Dodoma kalenda yetu ni mvua. Misamaha ya Rais mara nyingi hutangazwa Aprili 26 au Desemba 9. Sherehe za Uhuru za 2017 zilipofanyika hapa Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, na baadhi wakatoka siku hiyohiyo. Anayetoka Aprili anakuta mtama na uwele wa wenzake umeshasimama, mvua inaisha. Hana shamba la kuvuna, na atakula kwa watu mpaka mwaka wa pili. Miezi hiyo ndiyo wengi huyumba, na chakula chake kinapaswa kuhesabiwa kwenye mfuko wa jumuiya tangu mwanzo. Anayetoka Desemba mvua ndiyo zinaanza. Akikuta nusu ekari imeshasafishwa, jembe lina mpini, na mbegu ya uwele imehifadhiwa kwa mtu fulani, anapanda wiki hiyohiyo na wenzake. Mbegu hiyo hutengwa wakati wa mavuno, mwezi wa sita, kabla hatujajua atakayetoka ni nani.