Mmea wenye sumu: maana yake nini hasa?

Mmea wenye sumu ni ule wenye kemikali zinazoweza kumdhuru mtu au mnyama akiula, akiugusa au akivuta moshi wake. Wengi wakisikia "sumu" hufikiria kula peke yake. Mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua, hauhitaji kuliwa: utomvu wake mweupe ukiruka jichoni wakati wa kupogoa, jicho huwaka moto na uoni unaweza kufifia kwa siku kadhaa.

Tena sumu haikai sawasawa mmea mzima. Mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini. Ikimezwa nzima huenda ikapita bila madhara, maana ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, inaweza kuua. Kiazi mviringo tunakila kila siku, lakini kikipigwa na jua kikageuka kijani, hujijengea sumu iitwayo solanini. Oleanda, kichaka kinachopandwa kwa maua yake, haina sehemu ya kuaminika hata moja: jani, ua, shina, hata maji ya chombo yalimowekwa maua yake. Sumu yake huvuruga mapigo ya moyo.

Utautambuaje basi? Alama moja ya jumla haipo. Utomvu mweupe? Mpapai nao unao. Ndege wanakula matunda yake? Tumbo la ndege si lako. Kuonja kidogo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kinachobaki ni kuujua mmea kwa jina, ukilinganisha jani, ua na tunda kwa pamoja. Tafuta na jina la kisayansi, kwa sababu jina la mtaani hubadilika kila uendako. Mbarika wenyewe wengine huuita mbono, lakini Ricinus communis ni ule ule.

Si lazima ung'oe kila kitu. Ukiwa na watoto wanaotia kila kitu mdomoni, mbarika uondoke. Kwingineko, unapopogoa vaa glavu, mikono mirefu na miwani, osha mkasi kwa sabuni, na usichome matawi ya oleanda, kwani moshi wake nao una sumu.

Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Aliyekula asilazimishwe kutapika. Mpeleke mara moja, bila kungoja dalili, na ubebe kipande cha mmea ndani ya mfuko ili daktari aone ni kitu gani.