Hatutafuti mali ya Mjerumani

Kila tunapofika Engaruka, kwenye magofu ya kale kaskazini mwa Tanzania, kufanya upimaji wa akiolojia (wa mabaki ya kale) na vijana wa kujitolea, hakosi mtu wa kunivuta pembeni: "Mwalimu, nieleze ukweli, hiyo mashine yenu inasoma dhahabu hadi kina gani?" Mashine yenyewe ni GPS. Inasoma mahali uliposimama, basi.

Imani iliyo nyuma ya swali hilo ndiyo inayonichosha kuliko zote. Eti Wajerumani, walipokuwa wakikimbia Vita vya Kwanza vya Dunia, walifukia dhahabu wakaiwekea alama za mawe, na Engaruka imejaa mawe yaliyopangwa. Haya, tuhesabu miaka. Mashamba haya ya ngazi na mifereji, yaliyoenea kama kilomita za mraba 20 chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yalilimwa kati ya karne ya 15 na ya 18. Mwanajiolojia Hans Reck, Mjerumani mwenyewe, alipofika mwaka 1913 alikuta magofu.

Punje ya ukweli ipo, lakini iko Tabora. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na fedha zimeadimika, Wajerumani walitengeneza huko sarafu za dhahabu za rupia 15, takriban 16,000, zenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida. Zilitengenezwa zitumike, si zifukiwe. Tangu hapo hadithi imesambaa nchi nzima, hata nguzo za zege za wapima ardhi zinabomolewa kwa kudhaniwa ni alama za hazina. Anayetajirika ni mganga na mwenye ditekta (kifaa cha kutafutia chuma ardhini), maana hao hulipwa kabla ya jembe kugusa ardhi.

Simlaumu mtu kwa kutaka fedha. Ninachogombana nacho ni shimo. Mengi ya marundo yaliyo katikati ya mashamba ni mawe ambayo wakulima waliyaokota na kuyatupa pamoja ili wapate pa kulima. Chini ya rundo kama hilo udongo wa wakati ule umefunikwa, na ndani yake huweza kuwamo makaa na mbegu zilizoungua. Mtama umeshapatikana Engaruka kwa njia hiyo; ndivyo tunavyojua walilima nini, na makaa ndiyo yanayotupa umri. Mtu akifukua usiku mmoja, tabaka zinachanganyika: makaa ya karne ya 15 yanalala na mfuko wa plastiki wa juzi, na hakuna maabara itakayovirudisha mahali pake. Tena ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kunataka leseni.

Wengine husema bila kuchimba si akiolojia. Katika upimaji huu hatushiki hata sepetu. Tunajipanga mstari, tunaachiana mita chache, tunatembea macho chini, na kila kigae cha chungu au jiwe la kusagia linapewa namba na mahali pake kwenye ramani. Ukichimba shimo utaona kipande cha mfereji. Ukitaka kuuelewa, ufuate kwa miguu kutoka mtoni hadi shamba la mwisho.

"Wageni ndio walijenga." Wageni gani, na ushahidi uko wapi? Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wanamwagilia kwa mifereji hadi leo kaskazini, upande wa Loliondo. Sisemi ndio wajukuu wa waliojenga Engaruka. Nasema ujuzi huo haukuhitaji meli.

"Lilikuwa jiji." Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefanya kazi hapa 1935, alikadiria watu zaidi ya 30,000. Waliomfuata walishusha sana hesabu hiyo. Hivi vilikuwa vijiji vya wakulima.

Na kuna wanaodhani mtu wa kujitolea ni wa kubeba maji. Mchungaji aliyekulia hapa huona ukuta ambao mimi na shahada zangu tumeupita mara mbili. Ninachomwomba ni kidogo: kigae asikioshe, na asikipeleke nyumbani "kukitunza", kwa sababu kikiondoka bila mahali pake kuandikwa kinabaki kipande cha chungu tu. Lebo aandike kwa penseli. Wino hufutwa na jasho, na kila msimu kuna msomi mmoja anayebisha. Lebo moja ndani ya mfuko, namba ile ile nje, papo hapo, kabla ya kupiga hatua nyingine.